Nguo za Kupandia Kilimanjaro

Njia ya Marangu, ambayo huanzia katika mwinuko wa mita 1,800 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, hupita kwanza msitu wenye ukungu, ikatokea kwenye nyasi na vichaka, ikakata jangwa la mawe lililo baina ya Mawenzi na Kibo, hata ikakoma kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Na kwa kuwa hewa hupoa kadiri ya digrii 6 za Sentigredi kwa kila kimo cha mita 1,000, msafiri aliyetokwa na jasho adhuhuri msituni hana budi kukutana na baridi ya barafu kabla ya alfajiri ya siku ya kilele. Hapana vazi moja litoshalo katika hali zote hizo. Walakini, adui wa kutahadhariwa mahali pote njiani ni mmoja, nayo ni maji yaliyogusana na ngozi, yawe ya mvua au ya jasho, kwani maji huondoa joto la mwili upesi mno kuliko hewa iliyotulia.

Huku pwani pamba ni rehema: hunywa jasho, upepo ukalikausha, mwili ukaburudika. Sifa hiyo hiyo ndiyo madhara yake mlimani, ambako uzi wa pamba uliokwisha kunywa maji hulala juu ya ngozi wala haukauki, na suruali ya jinzi iliyoloa msituni aghalabu huwa ingali mbichi kesho yake. Huniuma sana kuona wanafunzi, na hata wapagazi wanaochukua mizigo ya wageni waliojisitiri vyema, wakipanda kwa fulana za pamba, ilhali nguo bora kuliko hizo si lazima iwe ya ghali. Jezi ya mpira iliyofumwa kwa poliesta, ambayo kijana huenda anayo nyumbani, karibu hainywi maji kabisa na hukauka mwilini mtu akiwa anatembea. Aibu yake ni kushika harufu, na kuyeyuka iguswapo na cheche za moto.

Sufu ina fadhila zaidi. Uzi wake huweza kunyonya mvuke hata kufikia karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi ubichi, na yale mawimbi yake ya asili hushika hewa ndani ya kitambaa hata kikiwa kimeloa. Sweta la sufu halisi hupatikana katika mitumba kwa bei nafuu, ila mengi yafananayo nalo ni ya akriliki. Mwenye shaka, na aombe uzi mmoja auchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yapondekayo, na akriliki huyeyuka ikawa donge gumu.

Juu ya hayo sharti liwepo koti la kuzuia mvua na upepo, hasa baina ya Machi na Mei, majira ya masika. Koti la nailoni lililopakwa plastiki huzuia mvua barabara, lakini hufungia jasho ndani. Yale yenye utando upitishao mvuke ni bora, nayo ni ghali, basi asiyeyamudu na apunguze mwendo na kufungua zipu penye mwinuko. Koti lililojazwa manyoya laini ya bata lina joto jingi kwa uzito mdogo, ila manyoya yakiloa hushikamana na kuwa hayafai, kwa hiyo likae ndani ya mfuko usiopitisha maji hadi usiku wa kilele.

Usiku huo, safari huanza karibu na saa sita, na wengi hujivika kila walicho nacho. Ni afadhali kuondoka kambini ukihisi baridi kidogo, kwa sababu baada ya nusu saa ya kupanda mwili utapata moto, na lile koti la manyoya livaliwe kila mnaposimama kupumzika, kabla jasho halijapoa.