KILA KIJITAA NA REZISTA YAKE

Wanachama wenzangu wameniuliza: katika ubao wa magoli tunaounda hapa Nyakoe, mbona kila kijitaa cha LED kipewe rezista yake? Si moja yatosha jamani?

Sikizeni basi. LED nyekundu hutumia karibu volti 2. Ukiipa volti 5 bila kizuizi, mkondo hupanda hadi LED ama pini ya mikrokontrola iungue. Volti 3 zinazobaki, ukizigawa kwa rezista ya ohm 220, wapata miliampea 14 hivi. Hapo ni salama, kwani pini ya Arduino Uno R3 yafaa isizidishe 20.

Tarakimu 8 huwasha vijitaa saba, 1 huwasha viwili tu. Vyote vikitegemea rezista moja, vitagawana mkondo mmoja: 1 itang'aa, 8 ififie, na aliye mbali asiione.

Ila chungeni waya wa pamoja! Saba mara 14 ni 98. Msiuunge kwa pini, tumieni transista. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki huunguza chipu. Nasi tunayo moja tu.