Unataka digrii ya pili ya PR? Tafuta swali lako kwanza

Hebu nikukisie. Ulimaliza shahada ya kwanza ya mawasiliano miaka michache iliyopita. Sasa una kijikazi katika shirika fulani mjini. Barua ya ajira inasema wewe ni afisa wa uhusiano mwema, lakini kazi yenyewe ni kubeba mabango, kupiga picha, kuandika posti za Facebook na kuhakikisha bosi ana maji mezani kabla wanahabari waingie. Au pengine kazi bado hujapata, na bahasha yako ya kaki imeanza kuchanika pembeni.

Halafu jioni moja, kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, mmoja anatuma picha akiwa amevaa joho. Amehitimu digrii ya pili. Pongezi zinamiminika. Nawe unaandika "hongera sana", kisha unaweka simu chini na kujiuliza: na mimi je?

Swali hilo limewaingiza wengi darasani, na wengine bado wako huko, mwaka wa tano sasa, kwa kozi ya miaka miwili. Kwa hivyo kabla ulipe hata shilingi ya fomu, keti tuzungumze.

Unakimbilia au unakimbia?

Kuna anayeenda kusoma kwa sababu kuna jambo anataka kulijua, na kuna anayeenda kwa sababu amechoka kusaka kazi na hataki kuulizwa nyumbani anafanya nini. Huyu wa pili nampa pole, lakini ukweli usemwe. Katika fani ya PR, mwajiri hutazama kwanza ulichowahi kufanya. Ukimletea digrii mbili bila taarifa hata moja uliyoandika ikachapishwa, atakupa nafasi ile ile anayompa mwenye digrii moja.

Isitoshe, masomo yenyewe yatakupita. Mhadhiri akiuliza mlifanya nini wateja walipowavamia mtandaoni, wenzako watasimulia ya kazini kwao nawe utasimulia ya kitabuni. Si ajabu kwamba ufadhili wa Chevening, unaowapeleka vijana Uingereza kusomea shahada ya uzamili kwa mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na tajriba ya kazi ya angalau miaka miwili.

Huna kazi? Tajriba si lazima itoke kwenye jumba la vioo Upper Hill. Simamia kurasa za klabu ya soka ya mtaani kwenu. Andikia kanisa au chama cha akiba taarifa zake. Weka kila ulichofanya kwenye faili moja, pamoja na matokeo yake.

Darasani kuna nini hasa?

Shahada ya kwanza ilikufundisha kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Hii ya pili inakufundisha kujua kama taarifa hiyo inafaa kuandikwa, nani ataisoma, na kama shirika lina haki ya kusema linachotaka kusema.

Utakutana na James Grunig na Todd Hunt, ambao mwaka 1984 waligawanya PR katika mitindo minne. Wa kwanza ni wa kupiga kelele ili utajwe. Wa pili ni kutoa habari za kweli basi. Wa tatu ni kuwasikiliza watu ili ujue namna ya kuwashawishi. Wa nne ni kuwasikiliza huku ukiwa tayari kubadilika wewe mwenyewe. Tazama kampuni yako halafu uniambie imekwama wapi. Nyingi bado ziko kwenye kelele.

Utasoma pia mikasa. Mwaka 1982, watu saba walifariki eneo la Chicago, Marekani, baada ya kumeza dawa ya maumivu ya Tylenol iliyokuwa imetiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson haikusema "si makosa yetu" kisha ikanyamaza. Iliwaonya wateja wasitumie dawa hiyo, ikaondoa madukani chupa takriban milioni 31, na ikairejesha ikiwa na vifungashio ambavyo mtu hawezi kuvifungua bila kuonekana. Wateja walirudi. Funzo ni kwamba maneno matamu hayakuiokoa kampuni hiyo. Kitendo ndicho kiliiokoa, na maneno yakafuata.

Mkasa wa pili ni wa karibu zaidi. Bell Pottinger ilikuwa miongoni mwa kampuni za PR zenye jina kubwa London. Ilichukua kazi ya kusafisha sura ya biashara za familia ya Gupta nchini Afrika Kusini, kwa kampeni iliyolaumiwa kuchochea uhasama wa rangi. Septemba 2017 ilifukuzwa kwenye chama cha wanataaluma wa PR cha Uingereza, wateja wakatoroka, na kabla ya mwezi huo kwisha ikawa imeporomoka. Watu waliolipwa kulinda majina ya wengine walishindwa kulinda la kwao.

Na usidhani mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, afisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya burudani Nairobi nayo ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Sasa fikiria. Picha kama hizo huwekwa na nani? Na kijana kama wewe, aliyeambiwa na bosi "tupia kitu hapo, ukurasa umelala." Afisa anayejua sheria angesema, "Bosi, hii hapana, na sababu ni hii." Ujasiri wa kusema hivyo, ukiwa na hoja mkononi, ndio unaolipia karo.

Tasnifu ndiyo mlima

Masomo ya darasani huwashinda wachache. Mnafanya kazi za vikundi, mnachekeshana, mtihani unapita. Kisha darasa linaisha, kila mtu anaachwa na tasnifu yake, na hapo ndipo mambo hukwama.

Msimamizi anachukua wiki kadhaa kujibu barua pepe. Kazini wamekuongezea majukumu. Unahitaji kibali cha utafiti kutoka NACOSTI. Watu uliotaka kuwahoji wanasema watakupigia. Mwaka unaisha, chuo kinadai ada nyingine, na wewe unaanza kumkwepa kila anayeuliza, "Kwani utamaliza lini?"

Dawa ni kuingia ukiwa na swali lako tayari, na liwe dogo. "Athari za mitandao ya kijamii kwa PR nchini Kenya" si swali, ni bahari. Lakini ukiuliza jinsi kampuni ya maji ya kaunti moja inavyojibu malalamishi ya wateja mtandaoni mabomba yanapokauka, una kitu cha kushika. Unajua utahoji nani, utasoma jumbe zipi, na matokeo utampelekea nani.

Swali kama hilo huja ukiwa kazini, mara nyingi siku ambayo umekasirika. Kwa nini tulikana habari ambayo kila mtu alijua ni ya kweli? Kwa nini wafanyakazi walisoma kwenye magazeti kwamba tawi lao linafungwa? Siku ukikasirika hivyo, andika. Hiyo ndiyo mbegu ya tasnifu yako.

Hesabu ya pesa

Usitazame karo ya muhula peke yake. Omba orodha kamili: usajili, mtihani, maktaba, usimamizi wa tasnifu, mahafali. Ongeza nauli ya masomo ya jioni, bando, na kuchapisha na kujalidi tasnifu. Kisha uliza swali ambalo wengi huogopa: nikichelewa mwaka mmoja, nitalipa ngapi zaidi?

HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili pia, lakini kumbuka ule wa shahada ya kwanza unatakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mwajiri wako naye huenda ana fungu la mafunzo. Muulize, na akikubali, soma mkataba vizuri ujue utafungwa kwake kwa miaka mingapi.

Usidanganywe na jina la kozi. Katika vyuo vingi vyetu PR husomwa ndani ya shahada ya uzamili ya mawasiliano, kwa hivyo tazama orodha ya masomo. Kuna mawasiliano wakati wa majanga? Kuna mbinu za utafiti? Kuna maadili na sheria? Hakikisha pia kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Ikiwa ni chuo cha ng'ambo kinachofundisha mtandaoni, uliza kwanza kama cheti chake kitatambuliwa hapa nchini.

Na kama unachokosa ni ujuzi wa kuhariri video au kubuni mabango, huhitaji digrii ya pili. Tafuta kozi fupi. Jiunge na chama cha wanataaluma wa PR nchini, PRSK, kilichoko tangu 1971, ukutane na waliokutangulia. Mzee mmoja aliyesimamia mgomo wa wafanyakazi na kesi tatu za kortini anaweza kukufunza mengi kwa kikombe kimoja cha chai.

Sisemi usiende. Nasema usisukumwe na picha ya joho. Leo usiku chukua karatasi, uandike jambo moja la kazi yako linalokunyima usingizi na ambalo bosi wako hana jibu lake. Ukilipata, tafuta chuo, tafuta pesa, nenda. Usipolipata, karo hiyo iache benki kwanza, rudi kazini Jumatatu, na ufungue macho.