Akasia si Mti Mmoja: Tuangalie Jani Kabla ya Kulipa Miche



Siku hizi mama mmoja wa kikundi chetu aliniita shambani kwake, juu ya barabara ya Rutshuru. Alikuwa amekata akasia zake zote apate minervali ya watoto wawili wa sekondari. Makala yalitoka mazuri, deni la shule likaisha. Lakini visiki vimebaki vikavu. Aliyemuuzia miche alimwambia kwamba akikata, mti utachipuka tena kama kaliptusi. Amengoja msimu mzima wa mvua, hakuna kitu. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakukosea. Aliuziwa jina tu. Akasia ni zaidi ya aina elfu moja duniani, na kila moja ina tabia yake. Yake ni akasia nyeusi, ambayo wataalamu wanaiita Acacia mearnsii, asili yake Australia. Kuni zake ni ngumu, makala yake hayaishi haraka kwenye mbabula, na ganda lake hutumika kulainisha ngozi za viatu. Lakini kisiki chake huchipuka kwa shida sana, mara nyingi hufa kabisa.

Basi, tuanze na miiba. Akasia nyeusi haina mwiba hata mmoja. Ukiona miiba, hiyo ni akasia ya Afrika, kama zile za uwanda wa Rwindi. Miiba iliyonyooka, miwili miwili, pamoja na maua ya mviringo, ni kundi la Vachellia. Miiba midogo iliyopinda kama ukucha wa paka, mara nyingi na maua marefu kama mkia, ni Senegalia. Cha kuchekesha, tangu mikutano ya wataalamu ya Vienna 2005 na Melbourne 2011, jina Acacia lilibaki kwa miti ya Australia, na yetu ya Afrika ikabatizwa upya! Na tunaposoma kanisani habari za mti wa mshita, tusifikiri ni huu wa makala. Ule ni wa miiba, wa jangwani.

Kama hakuna miiba, shika jani. Jani la akasia nyeusi ni kama unyoya, lina vijani vidogo vingi sana, kijani kilichokolea, na ncha changa zina rangi ya dhahabu kidogo. Sasa pitisha kidole juu ya uti wa kati wa jani. Utasikia vidutu vidogo. Hapo ndipo siri yote ilipo. Kwenye akasia nyeusi vidutu vimetawanyika ovyo: vingine pale vitawi viwili vinapokutana, vingine katikati. Ndugu yake, Acacia dealbata, ana kidutu kimoja tu kila vitawi vinapokutana, jani lake linang'aa kama fedha, na maua yake ni ya manjano kali, wakati ya nyeusi ni ya manjano iliyopauka. Huyo ndugu huchipuka kutoka kwenye mizizi. Labda muuzaji alichanganya habari zao, sijui.

Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuleta majani ya akasia. Nusu yao walileta kaliandra! Inafanana kweli, lakini haina kidutu kwenye jani, na ua lake ni jekundu kama brashi. Hiyo ni chakula kizuri cha mbuzi.

Wengine wameniuliza kuhusu nususpishi, maana yake matawi ya aina moja, kama watoto wa mama mmoja waliolelewa vijiji tofauti. Mfano ni Senegalia polyacantha: nususpishi moja ni ya India, nyingine, campylacantha, ni ya Afrika. Kwa mama anayenunua miche, kujua aina kunatosha.

Kwa nini nasumbuka hivi? Kwa sababu mama asiye na mti wake anarudi kutafuta kuni katika parke ya Virunga, na sisi wa Kibati tunajua wenzetu walikutana na nini humo. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala nje ya parke. Kupanda tunaweza. Tukikosea aina, tunapoteza miaka saba.

Yule mama nilimwambia asing'oe visiki kwa hasira. Mbegu za akasia nyeusi zina ganda gumu, hulala udongoni miaka mingi, na joto la moto ndilo linaloziamsha. Achome matawi makavu palepale, moto mdogo wa kulindwa, siku isiyo na upepo. Miche itatoka mingi, apunguze. Na inayotokea upande wa maharage aing'oe ingali midogo, maana mti huu ukiachwa huvamia shamba zima. Anayepanda mbegu mpya aziloweke kwanza katika maji yaliyochemka, aziache humo mpaka yapoe.

Kwenye kikao kijacho cha likelemba, kila mmoja alete kitawi chenye jani zima, na ua au ganda la mbegu kama lipo. Nitaleta kioo cha kukuzia cha shule.