Jina la uwanja nalo ni shamba la kukodisha

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1973 kampuni moja ya vyakula mjini Buffalo, magharibi mwa Jimbo la New York nchini Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 ili uwanja mpya wa mpira wa Kimarekani uitwe kwa jina lake kwa miaka 25. Kampuni hiyo ni Rich Products. Mwanzilishi wake, Robert Rich, alianzia kwenye biashara ya maziwa, lakini kilichomtoa ni krimu ya kupambia keki iliyotokana na soya badala ya maziwa, aliyoanza kuitengeneza mwaka 1945.

Ukigawanya fedha hizo, utaona kila mwaka kampuni ililipa dola 60,000 tu. Kwa kiasi hicho jina lake lilitajwa redioni, kwenye televisheni, magazetini na kwenye kila tiketi iliyouzwa, robo karne nzima. Mkataba ulipokwisha mwaka 1998 wenye uwanja walitaka bei ya wakati huo, ambayo ilikuwa imepanda mno. Kampuni ikaona hapana, ikaondoka. Uwanja ukapewa jina la mwenye timu, Ralph Wilson.

Hiyo ndiyo biashara tunayotaka kuizungumzia leo. Msomaji anaweza kuuliza, jina la uwanja wa Buffalo linamhusu nini mkulima wa Mbozi au mwenye duka la pembejeo Makambako? Linamhusu, kwa sababu biashara hii imekwisha kuingia Afrika Mashariki, na kwa sababu viwanja vingi vimejengwa kwa kodi ya wananchi au kwa michango na nguvu zao.

Kwanza tuelewane nini kinachouzwa. Haiuzwi ardhi, hauuzwi ukuta, wala timu haiuzwi. Kinachotolewa ni ruhusa ya kuuita uwanja kwa jina fulani kwa muda fulani, na mara nyingi pamoja nayo huja mabango, viti vya wageni maalumu na haki ya kuuza bidhaa za kampuni ndani ya uwanja bila mshindani. Muda ukiisha, jina linarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo wanaosema kampuni "imenunua" jina la uwanja wanakosea kidogo. Imekodi, kama unavyokodi ekari mbili za mpunga kwa msimu.

Mkulima aliyewahi kukodisha shamba anayajua maswali yote. Mwenye shamba ni nani hasa? Fedha zinalipwa mwanzo wa msimu au baada ya mavuno? Mpangaji akishindwa katikati, inakuwaje? Akiondoka, nani anang'oa visiki? Ajabu ni kwamba mawakili wa Marekani, pamoja na ujuzi wao wote, waliwahi kujikwaa kwenye maswali hayo hayo.

Mfano mkubwa ni Houston, Texas. Mwaka 1999 kampuni ya nishati ya Enron iliahidi dola milioni 100 kwa miaka 30 ili uwanja mpya wa besiboli wa timu ya Astros uitwe Enron Field. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2000. Sehemu kubwa ya gharama za ujenzi ilitokana na fedha za umma, hasa kodi ya vyumba vya hoteli na ya magari ya kukodi. Fedha za jina, hata hivyo, zilikwenda kwa timu.

Desemba 2, 2001 Enron iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hesabu zake zilikuwa zimepikwa kwa miaka. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wao walipoteza pia akiba ya uzeeni waliyokuwa wameiweka katika hisa za kampuni hiyo hiyo. Katika mji uleule, jina la Enron likawa bado linang'aa juu ya uwanja.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Timu ilitaka jina lishushwe haraka, lakini Enron ilikuwa imelipa ada zake, hivyo haikuwa imevunja mkataba. Tena mkataba wenyewe ulikuwa mali ya mfilisiwa, yaani kitu ambacho wadai wangeweza kukidai kama wanavyodai meza na magari ya ofisi. Februari 2002 Astros walilazimika kulipa dola milioni 2.1 ili wairudishe haki ya jina la uwanja waliouchezea wenyewe. Fikiria umemkodisha mtu shamba, amefilisika, na wewe ndiye unayemlipa ili atoke.

Enron haikuwa peke yake. Katika kipindi hicho hicho cha mwaka 2001 na 2002 uwanja wa St. Louis ulipoteza jina la shirika la ndege la TWA, wa Baltimore ukapoteza jina la kampuni ya intaneti ya PSINet, na wa Nashville ukapoteza jina la Adelphia, kampuni ya televisheni za waya. Zote zilikwama kifedha. Wapo waliosema kwa mzaha kuwa kampuni ikishaandika jina lake juu ya uwanja, uza hisa zake mapema.

Somo hilo lingetosha, lakini miaka 20 baadaye likarudi Miami, Florida. Ukumbi wa mpira wa kikapu wa timu ya Heat ni mali ya serikali ya wilaya ya Miami-Dade. Kwa miaka mingi ulikuwa na jina la shirika la ndege la American Airlines. Mkataba huo ulipokwisha, wilaya iliingia mwaka 2021 mkataba wa dola milioni 135 kwa miaka 19 na FTX, kampuni iliyokuwa ikiendesha soko la sarafu za kidijitali. Kampuni yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili hivi.

Tofauti na Houston, hapa sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya wananchi. Kila mwaka timu ilitengewa dola milioni 2, na zilizobaki zilikwenda wilayani, ambako madiwani walizipangia mipango ya kupunguza mauaji ya bunduki na kuwapatia vijana kazi. Ndiyo maana FTX ilipofilisika Novemba 11, 2022, haikuwa habari ya michezo tu. Programu za mitaani zilikuwa zimejengwa juu ya ahadi ya kampuni iliyokuwa imekwisha.

Hata hivyo wilaya ilijitetea vizuri kuliko Astros. Ilikuwa imekwisha kupokea karibu dola milioni 20, kwa kuwa ilidai malipo makubwa mwanzoni. Tena ilikwenda mahakamani mara moja, na Januari 2023 jaji wa ufilisi akaruhusu mkataba uvunjwe. Aprili mwaka huohuo ikapatikana kampuni nyingine, Kaseya, ya programu za kompyuta, yenye makao yake hapo hapo Miami, kwa dola milioni 117.4 kwa miaka 17. Ukipiga hesabu kwa mwaka, ni dola milioni 6.9 dhidi ya milioni 7.1 za FTX. Si pengo la kulilia.

Je, kampuni inayolipa inapata nini? Hapa maoni ya mwandishi ni kwamba inategemea sana kama uwanja ni mpya au wa zamani. Arsenal ya London ilisaini na shirika la ndege la Emirates mwaka 2004, kabla uwanja haujakamilika, mkataba wa pauni milioni 100 uliojumuisha na jina kwenye jezi. Uwanja ulipofunguliwa mwaka 2006 haukuwa na jina jingine mdomoni mwa mashabiki. Leo hata mtoto wa Tandale au Kibera anasema "Emirates" akimaanisha nyumbani kwa Arsenal, na pengine hajui kuwa ni ndege.

Newcastle walifanya kinyume. Novemba 2011 mwenye timu aliubadilisha uwanja wa St James' Park, wenye historia ya zaidi ya karne moja, akauita kwa jina la maduka yake ya vifaa vya michezo. Mashabiki waliwaka. Mwaka uliofuata kampuni ya mikopo ya Wonga ilichukua haki ya jina na kufanya jambo la kijanja: ikarudisha jina la zamani, ikapata sifa kwa kutojitangaza. Sifa hizo hazikudumu. Wonga ilikuwa ikikopesha kwa riba ambayo ukiihesabu kwa mwaka inazidi asilimia 4,000, mikopo ambayo kwetu huitwa kausha damu, na Agosti 2018 nayo ikaanguka.

Johannesburg pia Ellis Park umewahi kuitwa Coca-Cola Park na baadaye Emirates Airline Park, lakini watu waliendelea kusema Ellis Park.

Jambo jingine ambalo mnunuzi huambiwa kwa sauti ndogo ni kwamba mashindano makubwa hayalitambui jina lake. Katika mechi za klabu bingwa Ulaya uwanja wa Emirates huandikwa kuwa uwanja wa Arsenal. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2006 Allianz Arena ya Munich ilifunikwa maandishi yake na kupewa jina la mashindano, maana FIFA ina wadhamini wake inaowalinda. Siku ambayo dunia nzima inatazama ndiyo siku jina lako halipo.

Wakulima nao wamewahi kuwa upande wa mnunuzi. Uwanja mkubwa wa Lyon nchini Ufaransa umebeba tangu mwaka 2017 jina la Groupama, kampuni ya bima iliyotokana na vyama vya wakulima vya kukingiana hasara. Huko Hamilton, New Zealand, uwanja wa raga ulichukua jina la FMG, bima nyingine inayomilikiwa na wateja wake, ambao wengi ni wafugaji na wakulima. Mnunuzi wa namna hii hatafuti watazamaji wa mbali. Anajitangaza pale pale anapouza.

Afrika Mashariki tumeanza taratibu. Katika miaka ya 2010 uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulibeba jina la Safaricom kwa muda, kisha ukarudia jina lake la Moi. Uwanja wa Lugogo, Kampala, uliopewa jina la mchezaji Phillip Omondi, umepita kwa StarTimes na baadaye MTN. Ukumbi wa Kigali uliofunguliwa mwaka 2019 ulichukua jina la Benki ya Kigali Mei 2022, kwa mkataba wa miaka 6. Tanzania tumependa zaidi kuwaenzi watu: Sokoine mjini Mbeya, Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, na Uwanja wa Taifa uliopewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Azam Complex ya Chamazi ni kitu tofauti, kwa sababu mwenye jina ndiye aliyejenga, hakukodi kwa mtu.

Sasa turudi chini, kijijini. Tuseme kata ina kiwanja kizuri na mwenye duka la pembejeo anataka kiitwe kwa jina la duka lake. Anaahidi magoli ya chuma, nyavu na kupaka rangi ukuta. Wengi wangeshangilia na kusaini kwenye karatasi ya daftari. Mimi ningeuliza kwanza kiwanja ni cha nani kisheria: cha shule, cha kijiji, cha halmashauri au cha chama. Asiye mwenye mali hawezi kuikodisha, na mwenyekiti wa timu si mwenye kiwanja.

Kisha ningeomba magoli yaletwe kabla jina halijapakwa. Ningeomba muda uwe mfupi, miaka 2 au 3, kwa sababu mfano wa Buffalo unaonyesha bei ya jina hupanda na aliyefunga miaka 25 ndiye anayepunjwa. Ningeandika kuwa duka likifungwa, au mwenyewe akikamatwa na mbegu feki, jina linafutwa siku hiyo bila kijiji kudaiwa, na gharama ya rangi ya kufutia ni yake. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kiwanja na zisomwe mkutanoni kama mapato mengine.

Na mwenye duka naye apige hesabu zake. Ikiwa wateja wake wanatoka kata tatu na mechi huchezwa kila Jumapili, jina ukutani linaweza kumfaa kuliko tangazo la redio la wiki mbili. Ikiwa ligi huchezwa mwezi mmoja kwa mwaka, basi anunue jezi za timu, maana jezi huvaliwa hata sokoni.

Houston, kwa wanaotaka kujua, waliendelea. Juni 2002 uwanja ulichukua jina la Minute Maid, kampuni ya maji ya machungwa ya Coca-Cola, na mashabiki wakaubatiza "boksi la juisi". Januari 2025 ukabadilika tena, ukaitwa Daikin Park, kwa jina la kampuni ya Kijapani ya viyoyozi yenye kiwanda kikubwa nje kidogo ya mji huo. Mkataba wa sasa unafika mwaka 2039.