Mwanafunzi wa sheria akishika kesi ya shamba lako, nani anamuangalia?



Huku kwetu Fizi kesi nyingi zinaanzia shambani. Watu walikimbia vita, wengine wakafika Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka wa 1996. Tangu 2005, meli za HCR zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mtu anafika kwao, anakuta mwengine anapanda mihogo katika shamba la baba yake. Na yule anayelima naye ana neno lake: chefu alimgawia, amelima miaka mingi, watoto wake wamezaliwa hapo. Hii si kesi ya kutia mtu gerezani. Ni kesi ya raia na raia, lakini anayeshindwa anapoteza chakula cha nyumba.

Avoka wengi wako mjini, Uvira na Bukavu, na kuwalipa ni shida. Ndiyo maana inafaa kujua msaada wa wanafunzi wa sheria, faida yake na hatari yake.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2006, artikle 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe ao kusaidiwa na mtetezi anayemchagua. Sheria ya tarehe 28/9/1979 juu ya kazi ya maavoka inaomba baro iweke biro ya kushauri na kutetea watu wasiokuwa na uwezo. Avoka mpya naye hatumiki peke yake: anafanya staje chini ya avoka mkubwa. Lakini mwanafunzi ambaye angali masomoni si avoka. Kwetu anaweza kukusikiliza, kuandika habari yako, kutafuta mashahidi na kutayarisha dosye. Kusema mbele ya muamuzi kwa jina lako ni kazi ya avoka ao ya mtetezi aliyekubaliwa na tribinali.

Majirani wamefanya namna gani?

Huko Dar es Salaam, walimu wa sheria wa chuo kikuu walianzisha kamati ya kusaidia maskini toka miaka ya 1960. Uganda ilienda mbele zaidi: tangu 2004 kuna kanuni inayoruhusu wanafunzi wanaojifunza kazi ya uavoka kusimama katika tribinali za chini, lakini chini ya uangalizi wa avoka mwenye uzoefu. Fundisho ni moja: mwanafunzi anatumika, mkubwa anajibu.

Kazi ya muangalizi ni gani?

Ya kwanza, kujua kama kuna undugu ao faida iliyofichwa. Katika kooperative moja, wanamemba wawili wanaweza kugombania shamba moja. Wanafunzi wa kikundi kimoja hawawezi kushika pande zote mbili. Na kama mwanafunzi ni wa jamaa ya mmoja wao, muangalizi anamutoa katika ile dosye.

Ya pili, kusoma kila barua mbele haijatoka, na kuweka sinyatire yake. Jina moja likiandikwa vibaya, ao mpaka wa shamba ukikosewa, upande mwengine utashika lile kosa.

Ya tatu, kuhesabu siku. Mtu asiporizika na hukumu, ana siku 30 za kukata rufaa toka hukumu ifikishwe kwake kwa njia ya sheria. Mvua ikikata barabara, siku zinaendelea kuhesabiwa. Mwanafunzi akiwa kwenye mitihani, siku haziwezi kumungoja. Muangalizi ndiye anapashwa kuwa na kalenda ya kesi zote.

Ya ine, kuchunga siri na kuchunga dosye. Mwaka wa masomo ukiisha, mwanafunzi anaenda, lakini kesi inabaki. Karatasi zisibaki katika mfuko wa mwanafunzi. Mwengine azipokee kwa maandishi, na wewe ujulishwe jina lake.

Ya tano, kuamua kama njia ya tribinali ndiyo inafaa. Mara nyingi barza ya wazee inaweza kupatanisha kwa bei ndogo. Hapo mwanafunzi anaandika mapatano, na muangalizi anachunguza kama mjane ao mtoto yatima hakunyanganywa kitu kwa jina la amani.

Ushahidi wa shamba lisilo na karatasi

Sheria ya 20/7/1973 inasema udongo ni wa leta, lakini inatambua pia mashamba ambayo watu wa vijiji wanakaa na kulima kwa desturi. Wengi wetu hatuna hati. Mwanafunzi mzuri atakuuliza: nani alipanda ile michikichi? Makaburi ya nani yako pale? Majirani wa kila upande ni nani? Mulikimbia mwaka gani? Atatembea mpaka shambani, hatajibia toka biro. Kesi ikiomba desturi, tribinali de pe inakaa na muamuzi mmoja pamoja na wanotabli wawili wanaojua desturi, kwa hiyo maneno ya wazee yana uzito.

Mama wajue hii: tangu sheria ya jamaa ilipobadilishwa mwaka wa 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili apeleke kesi yake.

Mbele ya kukubali, uliza hivi:

– Avoka anayekuangalia ni nani, na nitamupata wapi?
– Umekwisha kumusaidia mpinzani wangu?
– Nani atashika dosye ukirudi masomoni?
– Nitalipa nini, na nitapata resi? Kama hauna uwezo, uliza juu ya karatasi ya kuonyesha umaskini, ili gharama za tribinali zipunguzwe ao ziondolewe.

Usiache karatasi ya asili hata siku moja, toa fotokopi. Usiweke kidole wala sinyatire kwenye karatasi ambayo haukusomewa katika luga unayoisikia, ikiwa Kiswahili ao Kibembe. Na mwanafunzi akikuambia "ngoja nimuulize mkubwa wangu", usimuzarau. Ile ndiyo alama ya kama kuna mtu anayemuangalia. Wa kuogopa ni yule anayejibu yote mara moja, peke yake.