Godauni la Kilwa Masoko: anza na miguu ya nguzo

Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko mwaka 2023, na dalali yeyote anayeuza jengo pale hakosi neno la kuanzia. Bandari ni jambo jema. Lakini mnunuzi wa godauni hanunui bandari. Ananunua nondo, bati na hati.

Godauni ninalolizungumzia ni la matumizi mengi: ofisi mbele, ghala nyuma, kuta za ndani nyepesi zinazohamishika, kila fremu na mlango wake wa shata. Kwa mji mdogo umbo hilo lina maana. Kilwa huvuna ufuta katikati ya mwaka, korosho hufuata kuanzia Oktoba, na ghala la zao moja hulala miezi mingi. Fremu moja ikiwa ya mchuuzi wa samaki na nyingine ya fundi wa injini za boti, kodi inaendelea kuingia hata msimu ukiisha. Angalia kama kila fremu ina mita yake ya LUKU, na kama umeme wa njia tatu umefika. Mashine kubwa za barafu haziendi bila huo. Na kama unawaza mazao ya stakabadhi ghalani, leseni yake inaombwa kivyake, haiji na jengo.

Upande wa karatasi, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Soma matumizi yaliyoandikwa, miaka iliyobaki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99) na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Halafu chukua futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tangazo linalojisifu kwamba jengo “linagusa bahari” linajishtaki lenyewe.

Sasa chumvi, ambayo wengi huipita kwa sababu rangi ni mpya. Saruji huilinda nondo isipate kutu, lakini chumvi ikipenya hadi ndani, ulinzi huo huvunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuka kwa ndani, na ufa hufuata mstari wa nondo, wima, kuanzia chini. Gonga mguu wa nguzo kwa nyundo ndogo. Zege zima hujibu kwa mlio mkavu. Lililoachana na nondo hulia tupu. Ulizia pia mchanga ulitoka wapi: wa ufukweni usiooshwa huingiza chumvi tangu siku ya kumwaga zege.

Kwenye bati usitazame juu tu. Mvua huosha mgongo wa bati. Chini ya upenu, isikofika mvua, chumvi hukaa na kula. Tazama hapo, vichwa vya skrubu, na kingo zilizokatwa.

Bati lililooza si sababu ya kuondoka. Linabadilishwa, na gharama yake inakatwa kwenye bei. Nguzo ni habari nyingine: mwite mhandisi kabla hujatoa hata arbuni, na muuzaji akikataa zisigongwe, jadili naye bei ya kiwanja kitupu, ukitoa na gharama ya kubomoa.