Konde la Bahati au Kichapo cha Haki? Ubishi wa Lewis na Rahman

Kama kwenu kuna kaka au mjomba aliye shabiki wa ngumi, basi wajua kuwa pigano halimaliziki ulingoni. Refa akishahesabu hadi kumi na mabondia wakaenda zao, pigano la pili ndilo huanza: kwa kinyozi, ndani ya matatu, katika mabweni ya vyuo na hata mezani wakati wa chakula cha jioni. Na hakuna ubishi unaochacha kama ule unaozuka inapotangazwa kwamba wawili hao watarudiana. Hapo kila mtu huwa kocha. Yule ambaye hajawahi kuvaa glavu maishani mwake ndiye hueleza kwa sauti ya juu zaidi jinsi konde linavyorushwa.

Swali ni lile lile kila mara. Je, aliyeangushwa mara ya kwanza ana nafasi gani mara ya pili? Kuna watakaoapa kwamba ilikuwa bahati tu, na kuna watakaosema mbabe amekwisha kujulikana, ya nini kujisumbua. Ili tupate kulijadili jambo hili vizuri, hebu turudi kwenye pigano moja la marudiano ambalo hadi leo ukilitaja mbele ya wapenzi wa ngumi wenye umri wa kutosha, chai itapoa mezani.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 22 Aprili 2001, huko Brakpan karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, Lennox Lewis wa Uingereza alipanda ulingoni akiwa bingwa wa dunia wa uzani mzito, mshikilizi wa mataji ya WBC na IBF. Naam, alfajiri, saa hizo zilichaguliwa ili Wamarekani wapate kutazama pigano hilo usiku wao wa Jumamosi. Mpinzani wake alikuwa Hasim Rahman, kijana wa Baltimore aliyeanza ngumi akiwa na umri wa miaka 20 hivi, wakati ambapo wenzake wengi huwa tayari wamepigana miaka kumi. Wachache mno walimpa nafasi ya kushinda.

Katika raundi ya tano Lewis alirudi nyuma hadi kwenye kamba, mikono ikiwa chini, tabasamu usoni. Rahman akaachilia konde moja la kulia. Lewis alianguka chali, na refa alipomaliza kuhesabu bado alikuwa hajaweza kusimama. Bingwa wa dunia alikuwa amepigwa nokauti na mtu ambaye jina lake mashabiki wengi walikuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza.

Mkataba wao ulikuwa na kifungu kilichompa Lewis haki ya kurudiana endapo angeshindwa. Rahman, ambaye sasa alikuwa ameingia mikononi mwa promota Don King, alitaka apigane na mtu mwingine kwanza. Lewis akaenda mahakamani New York, na Juni 2001 uamuzi ukatoka: Rahman asingepigana na mtu mwingine kabla ya kumpa Lewis nafasi yake. Pigano likapangwa 17 Novemba 2001, jijini Las Vegas, Marekani.

Basi mashabiki wakagawanyika kambi mbili.

Kambi ya Lewis ilikuwa na hoja moja kubwa: konde moja haliwezi kufuta kazi ya miaka. Lewis alikuwa na urefu wa futi sita na inchi tano, mikono mirefu kama makasia, na kwa raundi nne kule Brakpan hakuna aliyeweza kusema kuwa alikuwa akizidiwa. Isitoshe, wakasema, huyu Rahman si chuma. David Tua alimsimamisha mwaka 1998, na mwaka 1999 Oleg Maskaev alimpiga konde lililomtoa nje kupitia kamba hadi chini ya ulingo. Mtu aliyerushwa nje ya ulingo karibu miaka miwili iliyopita ataitwaje bora kuliko Lewis?

Kambi ya Rahman nayo haikukosa jibu. Walikumbusha kuwa Septemba 1994, pale Wembley, Oliver McCall alimwangusha Lewis huyo huyo katika raundi ya pili, na kwa mkono huo huo wa kulia. Ikitokea mara moja ni ajali, walisema, lakini ikitokea mara mbili hicho ni kidevu. Halafu kuna umri. Kufikia Novemba Lewis angekuwa na miaka 36, Rahman 29. Na kuna hofu: mtu aliyelala sakafuni mbele ya ulimwengu mzima, je, hataanza kupepesa macho kila aonapo bega la mwenzake likitikisika?

Ukizipima hoja hizi, kila moja ina uzito wake, na ndiyo sababu ubishi haukuisha. Lakini kwa maoni yangu kambi zote mbili zilikuwa zikiangalia mahali pasipofaa. Zilikuwa zikilitazama lile konde, wakati jambo lililokuwa na maana lilitokea majuma kadhaa kabla ya konde lenyewe.

Sikiliza. Rahman aliwasili Afrika Kusini karibu mwezi mzima kabla ya pigano. Lewis alifika wakati zikiwa zimesalia kama wiki mbili hivi. Alikuwa wapi? Sehemu ya muda wake aliitumia Las Vegas akiigiza katika filamu ya Ocean's Eleven, ambamo anaonekana ulingoni akipigana na Wladimir Klitschko. Ukweli ni kwamba filamu ilimlipa na hakuna atakayemlaumu kwa hilo, ila Brakpan si mahali pa kwenda ukiwa umechelewa. Eneo hilo liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Sisi wa Nairobi, tunaoishi kwenye mwinuko usiopishana sana na huo, hatuhitaji kufundishwa. Uliza mgeni yeyote anayetoka Mombasa na kujaribu kukimbia asubuhi pale Uhuru Park, au uliza kwa nini wanariadha wa ughaibuni hupakia mizigo yao na kwenda kukaa Iten kwa majuma. Mwili unataka muda wa kuizoea hewa nyepesi, wala haujui kama wewe ni bingwa.

Fauka ya hayo, Lewis alipimwa akiwa na kilo 115 hivi, uzito ambao hakuwahi kuufikia katika pigano lolote kabla ya hapo. Kwa hiyo ukijumlisha uzito, hewa na dharau, utaona kuwa yule aliyeegemea kamba akitabasamu katika raundi ya tano alikuwa mtu aliyekwisha kuchoka. Konde halikutoka mawinguni. Rahman alikuwa amelifanyia kazi, na huko kuliita bahati ni kumnyima haki yake. Lakini pia, na hapa ndipo kambi ya Rahman ilipokosea, kasoro zote zile zilikuwa za kurekebishika.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Lewis kujirekebisha. Baada ya McCall kumwangusha mwaka 1994, alifanya jambo ambalo watu wengi wenye majivuno wasingeweza. Alikwenda kumwajiri Emanuel Steward, kocha yule yule aliyekuwa upande wa McCall usiku ule. Yaani alimwambia aliyechimba shimo aje amwonyeshe lilipo. Waliporudiana na McCall Februari 1997, pigano lilisimamishwa raundi ya tano, McCall akiwa analia machozi ulingoni na kukataa kupigana.

Kwa marudiano na Rahman, Lewis alijifungia mazoezini katika milima ya Pocono, Pennsylvania. Hakukuwa na filamu safari hii. Hasira nayo ilikuwepo: Agosti 2001, walipokutana katika studio ya televisheni Los Angeles, maneno ya kudunishana yalizidi kipimo, wakakumbatiana kwa mieleka hadi sakafuni mbele ya kamera. Kipindi hicho ukikionyesha leo kwa watoto, watadhani ni vichekesho.

Hapa niruhusu nikumbushe jambo ambalo wabishi wa kwa kinyozi husahau. Kumrudisha ulingoni mtu aliyepoteza fahamu miezi saba iliyopita si mzaha. Sisi Wakenya jina la Las Vegas tunalijua kwa uchungu. Lewis alipata dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, akiiwakilisha Canada. Katika michezo hiyo hiyo Robert Wangila wetu alipata dhahabu ya uzani wa welta. Wangila alikwenda kutafuta riziki Marekani kama bondia wa kulipwa, na Julai 1994 akafariki kutokana na majeraha ya pigano huko huko Las Vegas. Mwenzake wa Seoul alipokuwa akipanda ulingoni katika jiji hilo kukabili mkono uliokwisha kumlaza mara moja, hatari haikuwa ya mkanda peke yake.

Lewis alipimwa kilo 112 hivi. Kengele ilipolia, hakutabasamu wala hakuegemea kamba. Mkono wa kushoto ulitangulia, ukamweka Rahman mbali, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika ya nne lilikuja konde la kushoto na nyuma yake la kulia, moja kwa moja. Rahman akaenda chini chali, akajaribu kuinuka, akapepesuka na kuanguka tena. Mataji yakarudi kwa mwenyewe baada ya chini ya miezi saba.

Utaniuliza: je, kila anayefanya mazoezi hulipiza? La hasha. Joe Frazier aliangushwa mara sita na George Foreman mjini Kingston, Jamaika, Januari 1973. Waliporudiana mwaka 1976 Frazier alimalizwa tena, raundi ya tano. Tatizo lake halikuwa uvivu, kwani Frazier hakuwa mvivu kamwe. Alikuwa mfupi, na namna yake ya kupigana ilikuwa kuingia ndani moja kwa moja, na kuingia moja kwa moja kwa Foreman ni kujipeleka mwenyewe kichinjioni. Mike Tyson naye, aliposimamishwa na Evander Holyfield Novemba 1996, hakuleta jawabu jipya Juni 1997. Alichokileta ni meno, akamng'ata mwenzake masikio na kufukuzwa ulingoni katika raundi ya tatu.

Kwa upande mwingine, watazame Anthony Joshua na Andy Ruiz. Juni 2019 mjini New York, Ruiz aliyeitwa kuziba pengo alimwangusha Joshua mara nne na kumsimamisha raundi ya saba. Desemba mwaka huo huo, Saudi Arabia, Joshua alikuja akiwa mwepesi kwa kilo tano hivi, akacheza kwa mbali na kushinda kwa pointi. Ruiz alikuja akiwa amenenepa kwa kilo saba. Baadaye alikiri kuwa sherehe zilimshinda. Kwa hiyo siku mzani unapotangazwa kabla ya marudiano, mwanangu aliye chuoni, achana na majigambo ya mabondia usome zile namba.

Sasa nikuachie ubishi wa kuwapelekea jioni ya leo. Juni 2003, mjini Los Angeles, Lewis alipigana na Vitali Klitschko aliyeletwa kama mbadala zikiwa zimesalia wiki mbili hivi. Lewis alipanda mzani na kupita hata uzito wa Brakpan. Baada ya raundi sita daktari alilisimamisha pigano kwa sababu ya jeraha baya juu ya jicho la Klitschko, Lewis akapewa ushindi. Lakini majaji wote watatu walikuwa na Klitschko mbele, pointi 58 kwa 56. Mashabiki walililia marudiano. Februari 2004 Lewis akatangaza kustaafu akiwa bingwa, na pigano hilo halikufanyika kamwe. Je, Lewis aliyejifungia Pocono angemshinda Klitschko mwenye mwezi mzima wa matayarisho? Mimi nasema angeshinda, kwa pointi. Kinyozi wangu hakubali, na ndiye mwenye wembe.